Kapu la Kipupwe

Siku hizi ukimwambia mtu wa mjini apike maharage, kwanza anaugeukia mtungi wa gesi, anautikisa kidogo, ndipo anakujibu. Mazoea yameshajengeka kwamba gesi ni ya chai, mayai, wali na kupasha kiporo. Maharage yapelekwe kwenye mkaa, au yanunuliwe yakiwa yameshachemshwa kwa mama wa jirani anayeyapima kwa kikombe. Mkaa nao, bei yake kila mtu anaijua. Basi kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma pwani na ukungu ukigoma kuondoka Njombe, Makete, Lushoto na Limuru mpaka jua la saa nne, mwili unadai makande, mtori na uji mzito, lakini jikoni kunakaangwa chipsi.

Hesabu hiyo ina kasoro. Vyakula vya msimu wa baridi havihitaji moto mwingi. Vinahitaji kukaa kwenye joto muda mrefu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Maharage yakishachemka, moto wote unaouchochea kwa saa mbili zinazofuata unafanya kazi moja tu, kurudisha joto linalopotelea kwenye pande za sufuria na kwenye kifuniko. Ukilizuia joto lisitoke, moto hauna kazi tena. Na kulizuia joto ni kazi ya sindano na uzi. Kwa hiyo kabla hujaanza sweta la mtoto, na kabla ya vitambaa vya makochi, nakushauri kazi yako ya kwanza ya mikono msimu huu iwe kushona kapu la kupikia.

Kapu hilo si uzushi wa jana. Mwaka 1867 sanduku la namna hiyo kutoka Norway lilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akina mama wa Uingereza walijaza nyasi kavu kwenye masanduku yao ili kubana matumizi ya makaa ya mawe. Afrika Kusini, Sarah Collins alianzisha mfuko wa Wonderbag mwaka 2008, kipindi umeme ulipokuwa unakatika kwa zamu. Kenya vikundi vya akina mama vimeshona na kuuza makapu haya kwa miaka mingi. Tanzania tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema kwa mapafu na kwa misitu, ila mama anayenunua gesi ya kupima hatalifikia kama kila sufuria ya maharage inammalizia mtungi. Kapu lingemsaidia kuliko semina.

Anza na sufuria, usianze na kapu. Sufuria zetu za alumini zisizo na mikono zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu hakuna kinachochomoza na kuacha pengo. Chagua ile ambayo familia yako huijaza angalau robo tatu, maana chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa haraka. Halafu kagua kifuniko. Chemsha maji, funika, uangalie mvuke unatokea wapi. Ukijipenyeza kidogo kidogo kuzunguka ukingo wote, kifuniko kimekaa. Ukitoka kwa nguvu upande mmoja, kimepinda, na hakuna mto utakaofidia hilo. Kigonge kinyooke au tafuta kingine.

Kapu lenyewe liwe la mdomo mpana na lisimame lenyewe. La mianzi linafaa, la milulu la Iringa linafaa na linapendeza, tenga la nyanya linafaa, hata boksi nene la katoni litakufikisha mwisho wa msimu. Weka sufuria katikati. Kuizunguka pande zote, na chini yake, ibaki nafasi ya upana wa kiganja, yaani kama sentimita 10.

Sasa cha kujazia. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa na kutulia, kwa hiyo unatafuta kitu kinachonasa hewa nyingi. Mwenye mti wa msufi karibu hana haja ya kuhangaika: sufi iliyokuwa ikijaza mito na magodoro ya wazee wetu ni nyepesi na inashika joto vizuri kuliko karibu chochote utakachonunua. Pamba inafaa. Blanketi kuukuu na mabaki ya masweta yanafaa. Bara, ambako mahindi yanavunwa miezi hii hii, yapo maganda makavu ya mahindi, nayo ni bure. Yachane membamba kwa mkono, uyaanike mpaka yalie ukiyafinya. Vipande vya godoro la sponji navyo vinashika joto, ila vitiwe ndani ya kitambaa kizito na visiguse sufuria hata kidogo.

Kitambaa kiwe pamba tupu, kwa sababu sufuria itatoka motoni ikiwa imeiva. Vitenge vingi vinavyouzwa sasa vina polista, na muuzaji hatakwambia. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uushike kwa koleo, uuwashe kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Polista hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kijipunje kigumu cheusi. Kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka ikalainika, au marekani, ndiyo ninayoipendekeza.

Shona mito mitatu. Wa kwanza wa duara, wa kulala chini. Wa pili mrefu, wa kuizunguka sufuria, urefu wake uupime kwa kamba ukiwa umeiweka sufuria ndani ya kapu. Wa tatu mnene kuliko yote, wa kufunika juu, kwa maana joto hupanda. Kila mto uache na tundu la kupitisha mkono, ujaze, uzisukume kona kwa mpini wa mwiko, ndipo ulizibe tundu kwa mkono. Ukitaka kujua kama umejaza sawasawa, bonyeza kwa ngumi: mto unatakiwa unyanyuke wenyewe taratibu. Ukibaki na shimo, umejaza kidogo. Usipobonyea kabisa, umeshindilia hewa yote ikatoka, na mto uliokosa hewa haufai kitu. Ukimaliza, sufuria ikae humo kama yai kwenye kiota, bila pengo hata la kidole.

Kwa nini mito mitatu, usishone bitana moja iliyogandishwa kwenye kapu? Kwa sababu mchuzi utamwagika. Hilo halina mjadala. Mto uliotengana na kapu unafulika.

Sasa twende kwenye maharage, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu kuna hatari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Inakufa kwenye maji yanayotokota, lakini kwenye joto la chini ya kuchemka inaweza kusalimika, na mlaji atatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kapu linatunza joto, haliongezi. Hivyo usithubutu kuyamwagia maharage maji ya moto na kuyafunika ukitegemea yajiivie. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, utie mengine, kisha uyachemshe yatokote kwa dakika 10 bila kupungua. Hizo 10 ndizo za chini kabisa. Mimi nasema 20. Walioko nyanda za juu waongeze tena, wafike 30, kwa sababu maji huchemka mapema kadiri unavyopanda. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama Njombe ilivyo, yanatokota yakiwa na nyuzi 93 hivi, hayajafika 100 za Dar es Salaam. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani akipika Makete hulalamika kwamba maharage ya huko ni magumu. Maharage hayana kosa.

Yakiwa yanatokota vizuri, kapu liwe tayari limeshakaa kando ya jiko, mto wa juu uko wazi. Toa sufuria bila kufunua, futa masizi haraka, tumbukiza, funika mto, tandaza kanga kuukuu juu ya yote. Halafu ondoka. Kila anayepita jikoni atataka kuchungulia, mkataze. Baada ya saa tatu hivi fungua, bonyeza punje moja kwa ulimi. Yaliyovunwa msimu huu mara nyingi yameshalainika. Yaliyolala ghalani mwaka mzima yatataka kurudi motoni dakika 10 na kuingia kapuni mara ya pili.

Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka maharage yawe laini, kwani uchachu hukaza ganda. Chumvi haina neno. Kuhusu magadi najua nitabishiwa. Ni kweli magadi hulainisha, lakini huua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na mtu mwenye kapu na usiku mmoja wa kuloweka hana sababu ya kuyatia.

Makande ndiyo mtihani wa kapu. Wapare wameyapa jina kubwa Tanzania, Wakikuyu wana githeri yao isiyokobolewa, Wakamba wana muthokoi, na kila mmoja atakuapia kwamba yake ndiyo yenyewe. Njia ni moja. Mahindi yaloweke peke yake tangu jana yake, yachemke peke yake dakika 40, ndipo maharage yaliyolowekwa yaungane nayo na yote yatokote kwa muda ule ule niliousema juu. Kapuni saa tatu, motoni dakika 10, kapuni tena saa mbili. Ukishaona punje ya mahindi imepasuka na kutoa ua jeupe, kaanga kitunguu mpaka kiwe cha hudhurungi, tia karoti na hoho, changanya. Mwisho kabisa weka tui zito au karanga zilizosagwa. Baada ya tui usirudishe kapuni. Chakula cha nazi huchacha haraka kwenye joto la kati, hata baridi ya Lushoto haitakuokoa.

Na hapo ndipo penye kanuni ya usalama ninayoomba uiandike ukutani: chakula kilichotoka kapuni kiwe bado kinatoa mvuke na hakishikiki kwa mkono. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaana. Ukiweka maharage saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili, usipakue kana kwamba ni chakula cha moto. Kwa maharage na mahindi, panga kulifungua kabla ya saa tano kupita, uchemshe tena kabla ya kula. Nyama uliyoikuta vuguvugu na hujui imekaa hivyo tangu lini, mwaga. Inauma, lakini mwaga.

Mtori unalipenda kapu kuliko chakula chochote, kwa sababu adui wa mtori ni kushika chini. Pika supu ya mifupa mpaka nyama ilainike, tia ndizi mshare zilizomenywa, zichemke dakika 10, zikae kapuni saa moja. Zinatoka laini kiasi kwamba mwiko tu unatosha kuziponda, na sufuria haina ukoko hata chembe. Uji wa ulezi nao hunufaika. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza usifanye mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, upike dakika 10 ukikoroga, tia tangawizi na pilipili manga, kisha kapuni. Katika nyumba yenye watoto wanaoamka kwa zamu, wa kwanza saa kumi na moja kuwahi gari la shule na wa mwisho saa mbili, kila mmoja atakuta uji wa moto. Ndimu ikamuliwe kwenye kikombe.

Nisiwadanganye kuhusu makongoro. Yanawezekana, ila utayatoa na kuyarudisha mara nyingi mpaka kapu likuchoshe. Hayo yabaki ya Jumamosi, ya moto wa kuni uani na watu wa kupiga nao soga. Ugali, chapati na mandazi havihusiki kabisa. Boga halihitaji kapu, linaiva upesi, lakini kipupwe bila boga la tui na iliki ni kipupwe pungufu. Nunua lenye kikonyo kilichokauka na ganda gumu ambalo ukucha haulitoboi. Mbegu zioshe, zianike, zikaange na chumvi kidogo, uziweke kwenye kibakuli karibu na kazi yako ya mikono. Viazi vitamu vilivyobaki shambani vipate jua hili kavu: Wasukuma hukata vibichi na kuvianika kuwa michembe, au huvichemsha kwanza na kuvikata ndipo waanike, wapate matobolwa, na kikombe cha chai ya moto na matobolwa ni kifungua kinywa kisichohitaji mkate.

Kuna kazi moja ya jioni ambayo naiweka juu ya kufuma, nayo ni kuchambua mahindi. Kipupwe ni msimu wa kuingiza mazao ghalani, na mahindi yaliyowekwa na unyevu hupata ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka 2016 iliua tena watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, iwe kwa mkaa, gesi au kapu. Kabla ya kuweka gunia, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi mbili za mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikidondoka chini yote, weka. Kila mara kabla ya kupika, familia nzima ikae na ungo na taa nzuri, mtoe punje zilizovunjika, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizosinyaa. Zilizotolewa zisiende kwa kuku.

Nalo jiko la mkaa, ukilitumia kuchemshia, liache nje. Kila kipupwe kuna familia inayolala na jiko chumbani ili ipate joto na haiamki. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Kichwa kikianza kuuma na mwili kulegea, toka nje, mtoe na mwenzako, usilale. Kama chumba ni baridi, vaa.

Na kuvaa ndiko kunakonirudisha kwenye sindano. Sufuria ikiwa kapuni, una saa tatu ambazo zamani zilikuwa za kuchochea kuni. Nyuzi mpya za kufumia zina bei, tena nyingi zinazouzwa madukani ni za akriliki, si za sufu. Sufu safi ya kondoo, laini na ya kudumu, imelala kwenye marobota ya mitumba, katika masoko ya Karume na Gikomba, na katika kila gulio la nyanda za juu, imo kwenye masweta ambayo hakuna anayeyataka.

Muuzaji atashangaa. "Mama, chukua hili, hilo lina tundu kiwikoni."

"Mwanangu, mimi nalitaka hilo hilo lenye tundu. Shilingi ngapi?"

Kabla hujalipa, ligeuze ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi za ovaloku, achana nalo: uzi wake umekatwa kila mstari, ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Unalotaka lina kingo nzima zilizounganishwa kwa mshono mmoja wa mnyororo, vitanzi vinaonekana vimeshikana pande zote mbili bila kukatwa. Angalia pia kama limefuliwa kwa maji ya moto likagandamana. Sufu iliyogandamana haifumuki, ingawa hiyo nayo inafaa kujazia mito ya kapu.

Nyumbani kata kwa uangalifu uzi wa mshono tu, kuanzia begani, mpaka mikono, mgongo na kifua vitengane. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, hivyo yanafumuka kutoka juu kwenda chini. Ukianzia pindoni utapigana nalo mpaka usiku. Tafuta uzi wa mwisho shingoni, uvute. Ukishaanza kukimbia, unatoa mlio mwembamba wa kufumuka ambao watoto huupenda, na hiyo ndiyo kazi yao: mmoja anavuta, mwingine anazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga zongo sehemu nne lisichanganyike, lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, litundike kivulini na chupa iliyojaa maji ikining'inia chini yake. Uzani huo hunyoosha mikunjo. Likikauka, uzi uko tayari. Sweta nene la mtu mzima hutoa uzi wa sweta la mtoto, na mara nyingi unabaki wa mzula.

Anayeanza asianze na sweta. Aanze na mzula, na kabla ya mzula afume kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10, ahesabu vitanzi. Tuseme amepata vitanzi 18 kwa kila sentimita 10, na kichwa cha mtoto kina mzunguko wa sentimita 50. Hiyo ni vitanzi 90. Atoe kama kumi, aanze na 80, kwa sababu kofia isiyobana kidogo huteremkia machoni. Watu wengi huiruka hatua ya kipande cha mraba kwa haraka zao, halafu kofia ya mtoto inamwenea babu. Sindano zikikosekana, spoku za baiskeli zilizonolewa ncha na kusuguliwa kwa msasa zimewafundisha wasichana wengi kufuma kabla hawajawahi kuona sindano ya dukani. Spoku hiyo hiyo ukiikunja ncha kwa koleo ni sindano ya kroshia.

Asiyependa kufuma aende kwa fundi cherehani akaombe mabaki ya vitambaa. Yafuliwe yote kabla ya kuunganishwa, yaliyo ya kurudi yarudi mapema, kisha yakatwe miraba na kushonwa kuwa blanketi la viraka lenye blanketi kuukuu katikati. Pwani, wanaosuka ukili wanajua kwamba kusi hukausha miyaa ikakatika mkononi. Kitambaa chenye maji kikae juu ya fungu mnapoendelea kusuka.

Kapu likishakukubali, watu wataliulizia, na hapo unaweza kulifanya biashara. Shona kwa vipimo vya sufuria zinazouzwa sokoni kwenu, vitatu vinatosha, na kila kapu liandikwe ukubwa wa sufuria yake, la sivyo utarudishiwa nusu ya makapu uliyouza. Kwenye bei weka thamani ya kitambaa na kapu, na saa zako pia. Wengi husahau saa. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane ni mahali pazuri, iwe viwanja vya John Mwakangale Mbeya au Nzuguni Dodoma, kwa kuwa anayekuja huko amekuja kuona kitu kinavyofanya kazi. Usipange makapu matupu mezani ukaanza kuhubiri. Chemsha maharage alfajiri, yatumbukize, panda nalo daladala, lifungue saa nne mbele ya watu huku mvuke unatoka. Yape mwonjo wa moto wa dakika 10 kwenye jiko dogo hapo hapo bandani, kwa usalama wao na wako. Chukua vijiko vingi kuliko unavyodhani vitahitajika, na chumvi.